Mizani ya Mikese haioni ng'ombe: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo

Ndugu Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo,
Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
Dodoma.

YAH: MALORI YA MIFUGO YANAYOPITA MIKESE

Nakuandikia kutoka Mikese, kilomita zipatazo 30 mashariki ya Morogoro mjini, kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Hapa kwetu kuna mizani ya TANROADS, na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, haina mzaha. Ekseli ikizidi, gari linawekwa pembeni na msafirishaji analipa. Lami inalindwa, nami sina ugomvi na hilo.

Ila kwenye foleni hiyo hiyo wamo ng'ombe. Wanatoka minada ya Dodoma, Singida, Shinyanga na Tabora, wanakwenda mnada wa Pugu jijini Dar es Salaam, na wengi huishia machinjioni Vingunguti. Ng'ombe aliyepakiwa Shinyanga akifika hapa ameshasafiri zaidi ya kilomita 750, na mbele yake zimebaki zaidi ya 150.

Tatizo la mizani kwa viumbe hawa ni la hesabu. Ng'ombe wetu wa kienyeji ni mwepesi. Wabane 40 wenye kilo 250 kila mmoja, jumla ni tani 10 tu. Nafasi ya kusimama inakwisha zamani kabla uzito haujafika popote, na kwa mbuzi ndiyo kabisa. Gari linapimwa, linaonekana halali, linaondoka. Kama kuna ng'ombe aliyeanguka na wenzake wamesimama juu ya mbavu zake, risiti haisemi. Siwalaumu watu wa mizani, kazi waliyopewa ni uzito.

Kazi ya kutazama mbavu ni yako, Ndugu Mkurugenzi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, inamtaka anayemiliki au kumshika mnyama amlinde na njaa, kiu, maumivu na hofu. Inagusa usafirishaji, inatambua wakaguzi, na anayeivunja anaweza kushtakiwa. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani nalo lilipitisha viwango vya kusafirisha mifugo kwa nchi kavu mwaka 2005. Kwa karatasi tumekamilika. Barabarani hatumwoni mkaguzi.

Mwishoni mwa 2015 ng'ombe walikatwa mapanga Dihinda, wilayani Mvomero, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Waziri wa mifugo wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alifika mwenyewe. Ilikuwa haki afike. Lakini panga lina mshindo, lina picha, lina magazeti. Ng'ombe anayekufa kwa kiu na kukanyagwa ndani ya bodi la lori hana mwandishi wa habari, na mwenye mali humwandika kuwa hasara ya safari.

Naomba sheria ianze kufanya kazi hapa Mikese, lakini nikusihi uangalie itamwangukia nani. Rahisi kuliko yote ni kumkamata yule kijana mwenye fimbo anayening'inia juu ya bodi, anayevuta mkia na kuchapa ili ng'ombe ainuke. Anachofanya si kizuri. Hata hivyo yeye ameajiriwa kuhakikisha hakuna anayelala, kwa sababu mtu mwingine, aliyekaa nyumbani, aliamua idadi ya kupakia. Ukimfunga kijana, kesho atapandishwa mwingine. Kwenye uzito tumeshajua kwamba wa kubanwa ni msafirishaji. Iwe hivyo hivyo hapa: mwenye lori na mwenye mzigo ndio waitwe mahakamani, na jina la mwenye mzigo lipo tayari kwenye kibali cha kusafirisha mifugo.

Tena, usimtume mkaguzi peke yake. Lori likiwa linakimbia, upepo unapita kati ya wanyama. Likisimama juani Mikese saa nane mchana, joto linapanda upesi. Mkaguzi anayezuia gari kwa saa tatu akijaza fomu, bila pa kuwashusha ng'ombe, atakuwa amewatesa kwa jina la sheria. Kwa hiyo linatakiwa zizi lenye kivuli, maji, na ngazi ya kushushia, pembeni ya mizani. Na kabla hata ya zizi kujengwa, malori ya mifugo yapewe nafasi ya kwanza kwenye foleni. Hilo linahitaji makubaliano na TANROADS tu, sioni bajeti yake.

Wataalamu hawako mbali. Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye ndaki ya tiba ya mifugo, kiko Morogoro. Wanafunzi wake wangeweza kufanya mazoezi ya kazi hapa chini ya daktari mwenye leseni, wakihesabu walioanguka, waliovunjika na waliokufa, gari kwa gari. Bila hesabu hiyo mwendesha mashtaka atasimama mahakamani na maneno matupu.

Wako watakaokuambia kwamba nyama itapanda bei. Sidhani. Mnyama aliyechoshwa na kutishwa kabla ya kuchinjwa humaliza sukari iliyo kwenye misuli, nyama yake ikawa nyeusi, kavu na ya kuharibika haraka. Palipovilia damu hukatwa na kutupwa. Mlaji wa Dar es Salaam analipia mateso hayo bila kujua.

Wizara yako haishindwi kuamua. Mwaka 2022 ilisimamisha uchinjaji wa punda. Na kuku wanaoning'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda nimewaacha kwa makusudi, tuanze na palipo na mizani.

Jambo la mwisho ni dogo. Tangu 2021 sheria za nchi zinatakiwa kuwa kwa Kiswahili. Tafadhali kipande cha usafirishaji katika Sheria Na. 19 kibandikwe minadani kwa lugha hiyo, pamoja na adhabu zake. Jibu lako litumwe kwa mtendaji wa kata, nasi tutaomba lisomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Wako,
Mkazi wa Mikese, Morogoro.