Baruti Chini ya Kitanda

Nchini Tanzania baruti haiguswi bila karatasi. Sheria ya Baruti, iliyotungwa mwaka 1963, inataka kibali cha kuiingiza, cha kuinunua, cha kuisafirisha na cha kuihifadhi, na anayeilipua sharti awe na cheti cha ulipuaji. Karatasi hizo zina ada. Msimamizi wa sheria hiyo siku hizi ni Tume ya Madini, iliyozaliwa na marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kupitia ofisi za maafisa madini wakazi mikoani. Kwa mgodi mkubwa wenye ghala, uzio na walinzi, ada hizo hazionekani hata kwenye hesabu za mwezi. Kwa mwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, ambaye hajaona dhahabu tangu masika, hiyo ni pesa ya unga.

Mwezi uliopita, kwenye machimbo madogo ya Kanda ya Ziwa, kijana mmoja alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto na jicho moja. Wala hakuwa chini ya ardhi. Alikuwa amechuchumaa mlangoni pa kibanda chake, saa moja asubuhi, akitoa fataki, yaani viwashio vya baruti, kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa shingo ili awape wenzake wa zamu. Moja ikamlipukia mkononi. Mkono ulifungwa kwa shuka, akapakiwa kwenye bodaboda kupelekwa zahanati. Waliobaki wakaingia ndani. Chini ya kitanda palikuwa na baruti iliyoviringishwa kwenye kipande cha kanga, upande mmoja mfuko wa unga, upande wa pili jiko la mkaa ambalo majivu yake yalikuwa bado ya moto. Usiku wa kuamkia asubuhi hiyo watoto wawili walikuwa wamelala juu ya kitanda hicho.

Mwenye duara alikuwa na leseni halali ya uchimbaji. Kibali cha baruti hakuwa nacho, na kijana hakuwa na cheti. Mzigo uliletwa usiku, na hakuna aliyekubali kusema umetoka kwa nani. Mchana winchi ikaendelea kuzunguka kama kawaida.

Sababu za kukwepa kibali anazijua kila mtu machimboni: malipo ni mengi, ofisi iko mbali, na baruti ya magendo inaletwa hadi mlangoni.

Lakini lawama haziishii kwa muuza magendo. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania tu, kwa miaka 7, juu ya eneo lisilozidi hekta 10. Anayeipata hukabidhiwa mwamba ambao mara nyingi sururu haiuwezi. Baruti itahitajika, na serikali inalijua hilo tangu siku ya kugonga muhuri. Mwenye leseni naye anajua kwamba kijana anayemtuma kulipua hajafundishwa na mtu yeyote, ila anatazama pembeni kwa sababu mgao wake haupungui kijana akiumia. Majirani, mama lishe na viongozi wa kitongoji huona mizigo ikipita. Wote hukutana msibani na kusema ni ajali ya kazini. Si ajali, jambo ambalo watu 100 waliliona likija.

Ada, ikitumika inavyopaswa, ndiyo inayomlipa mkaguzi afungue mlango wa stoo, ahesabu fataki moja moja na kulinganisha na daftari, ahakikishe hazilali chumba kimoja na baruti, na ampime mlipuaji kabla ya kumpa cheti. Mlipuaji aliyepimwa anajua kwamba moshi wa baruti una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na kwamba anayeshuka kabla haujatoka huenda asipande tena. Anajua pia kwamba baruti iliyogoma kulipuka haichokolewi kwa chuma. Asiyepimwa hujifunza mambo hayo mara moja tu. Ndiyo maana kudai ada zifutwe kabisa, kama baadhi ya wachimbaji wanavyotaka, ni kosa. Madai ya haki ni mawili: ada imfuate mtu kwa ukubwa wa kazi yake, na fedha iliyokusanywa ionekane duarani kwa sura ya mkaguzi.

Nchi nyingine zimeshaweka ngazi ya mtu mdogo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002, ilimtaka kila anayepokea baruti awe na kibali. Lakini pamoja na leseni za wafanyabiashara za dola 200 kwa miaka 3, ikaweka kibali cha mwaka mmoja cha dola 25 kwa anayenunua katika jimbo lake mwenyewe, si zaidi ya mara 6 kwa mwaka. Mkulima anayepasua jiwe shambani hapimwi kwa mizani ya kampuni. Wala karatasi peke yake haitoshi; usalama lazima uufuate mzigo hadi mwisho wa njia. Huko Ghana, tarehe 20 Januari 2022, lori lililokuwa likipeleka baruti mgodini liligongana na pikipiki karibu na kijiji cha Appiatse. Mlipuko ukaua watu zaidi ya 10 na kubomoa karibu kijiji kizima.

Baruti ya magendo haibaki machimboni, nayo ni hasara ya wasio wachimbaji. Sehemu yake huteremka hadi pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, ikarushwa baharini kuua samaki na kuvunja matumbawe wanamozaliana. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatoa kifungo kisichopungua miaka 5 kwa kosa hilo. Ni heri kuiziba njia kwenye chanzo chake, bara.

Kazi hiyo inaanza kwa wenye maduara. Maduara 20 yanayopakana yaunde kikundi kimoja kilichosajiliwa, yajenge stoo moja mbali na makazi, na yaajiri mlipuaji mmoja mwenye cheti anayezunguka kwa zamu. Kila duara litoe kiroba kimoja cha mawe kwenye kila mgao. Viroba hivyo vilipe ada zote na mshahara wa mlipuaji. Mzigo unaomwangusha mtu mmoja hauwashindi 20. Wachimbaji wenyewe wakubaliane kwamba asiyeonyesha cheti hashushiwi kamba, hata akiwa shemeji wa mwenye duara. Waendesha bodaboda wa kijiwe waapishane kutobeba mzigo wa aina hiyo kwa bei yoyote.

Vyama vya wachimbaji vya mikoa na shirikisho lao, FEMATA, vilibebe jambo hili hadi wizarani na bungeni, kabla ya mwaka mpya wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Viombe daraja la ada kwa wachimbaji wadogo, viombe mafunzo ya ulipuaji yafuate machimbo yalipo. Orodha ya ada ibandikwe kwa Kiswahili kwenye kila ofisi ya kata yenye machimbo, ili asitokee wa kutaja bei yake mwenyewe. Serikali nayo itangaze muda wa kusalimisha baruti bila kushtakiwa, kama ilivyowahi kufanya kwa silaha haramu. Kijana mwenye baruti kitandani leo anaogopa pingu kuliko anavyoogopa moto.

Wakati hayo yanasubiriwa, kila mwenye kujua kibanda kilicho na baruti asinyamaze. Asilogwe na undugu wala na ahadi ya mgao. Asiiguse na asijaribu kuihamisha. Jiko lizimwe, watoto watolewe kitandani na kupelekwa kwa jirani wa mbali, mtu mmoja asimame njiani kuzuia wapitao, na simu ipigwe polisi kwa namba 112. Ifanyike usiku huuhuu, kabla jiko halijawashwa kwa chai ya zamu ya asubuhi.