Mchezo wa Kutisha Unapowekwa Kabatini

Mchezo wa televisheni ukiisha kuonyeshwa, mtazamaji huzima chombo chake akaenda kulala. Lakini mchezo huo huo ukitiwa katika kanda au diski na kuuzwa madukani, huhamia nyumbani, ukakaa kabatini pamoja na picha za harusi na katuni za watoto. Ndiyo maana leo tunauzungumzia Threads, yaani “Nyuzi”, katika ukurasa huu wa nyumba.

Mchezo huu uliandikwa na Barry Hines na kuongozwa na Mick Jackson, nalo shirika la BBC la Uingereza likauonyesha kwa mara ya kwanza tarehe 23 Septemba 1984. Kanda yake ya video ilitoka mwaka 1987, diski mwaka 2000, na mwaka 2018 ukatolewa tena kwa picha zilizosafishwa. Wasimulia jinsi Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, unavyopigwa kwa silaha za nuklia.

Mlipuko wenyewe hupita upesi. Linalomganda mtazamaji ni habari ya nyumba mbili. Kijana Jimmy na mchumba wake Ruth, ambaye ni mjamzito, wanatengeneza makazi yao. Wazazi wa pande zote mbili wanakutanishwa. Jimmy anawatunza ndege wake. Habari za vita zinasomwa huku watu wakiendelea na shughuli zao, wala hakuna anayezisikiliza sana. Ni nani, ndugu msomaji, asiyeijua sebule ya namna hiyo?

Kisha wazazi wa Jimmy wanang'oa milango, wanaiegemeza ukutani na kuikingia magodoro, kama kilivyoagiza kijitabu cha serikali kiitwacho Protect and Survive. Kijitabu hicho hakikubuniwa na mwandishi. Kilitolewa kweli kwa raia wa Uingereza mwaka 1980. Kinga hiyo haiwaokoi. Ruth anamtafuta Jimmy asimwone tena. Anajifungua peke yake, bila mkunga wala maji ya moto, na kitovu anakikata kwa meno. Binti yake, Jane, anakua akitamka maneno machache yaliyovunjika, kwa maana lugha hufundishwa kwa hadithi na mazungumzo ya jioni, na mama aliyelemewa na kazi ya shamba hana nguvu ya kuyaanzisha.

Lipo onyesho moja linalomgusa hasa mtu mwenye kanda nyumbani. Watoto walionusurika wameketishwa mbele ya televisheni, wakionyeshwa kanda kuukuu ya kipindi cha shule. Imechakaa, picha zinarukaruka, sauti inakwaruza, nao wanaitazama kwa macho makavu. Hayo ndiyo masomo yao.

Je, mchezo kama huu ununuliwe? Mimi nasema ununuliwe, ila na watu wazima, na usitazamwe na mtu aliye peke yake. Mwaka 1984 watu wengi waliutazama usiku mmoja, na kesho yake walikuwa na wa kuzungumza naye. Mwenye diski hana jirani wa namna hiyo, asipomwalika. Uanzeni mapema jioni, kwa kuwa unachukua karibu saa mbili, na baada yake mtu hataki kulala mara moja.

Uingereza imeuwekea alama ya kuwazuia walio chini ya miaka 15. Alama hiyo humfunga muuza duka. Haimfungi mtoto wa miaka 9 aliyeamka kunywa maji akakuta wakubwa wameduwaa mbele ya kioo. Diski hii na iwekwe mbali na katuni, mahali asipofika mkono wake. Kijana wa sekondari aweza kuutazama, mzazi akiwa kando yake tangu mwanzo hata mwisho.

Na mama anayetarajia mtoto aambiwe mapema kwamba mchezo unamalizikia kwa Jane kujifungua, na kwamba picha inasimama kabla hajapiga ukelele. Akitaka kutoka chumbani, apishwe.