Korosho yetu, ajira ya nani?

Wadau, kila siku tunaambiwa kampuni za vyakula ndizo zitaondoa umaskini duniani. Sawa, ila ukikaa huku Mchinga unajiuliza: ziko wapi?

Korosho yetu inaingia ghalani, inapigwa mnada, halafu nyingi inapakiwa melini na ganda lake, India na Vietnam. Huko ndiko inakobanguliwa, na wanaolipwa kubangua ni vijana wa huko. Sisi tuliomaliza fomu foo tupo kijiweni.

Si kwamba viwanda havikuwepo. Miaka ya 1970 na 1980 serikali ilijenga 12 kwa mikopo ya nje, kimoja hapo Lindi mjini. Vingi vikafa, vingine vikageuzwa maghala. Novemba 2018 Magufuli akatangaza serikali inanunua kwa sh. 3,300 kilo, wanajeshi wakasomba mzigo. Bei ilikuwa safi, ila korosho nyingi bado ikaishia kuuzwa ghafi.

Mimi naona hivi: bei nzuri ni ya msimu mmoja, kazi ya kubangua ni ya mwaka mzima. Akina mama wanaobangua kwa moto nyumbani na kuuza vipakti stendi wameshatuonyesha njia. Wakipata mashine na mtaji je? Mnasemaje wadau?