Shujaa wa mwanao anafuata kanuni za nani?

Shule zikifungwa, mzazi wa Bariadi anayemtafuta mwanawe mchana hahitaji kuzunguka sana. Aanzie kibanda umiza. Humo watoto wamebanana kwenye mabenchi, macho yote kwenye runinga moja, wakimtazama jasusi mmoja akiangusha watu 20 bila kutoka jasho. Wasio na hela ya kiingilio husubiri simu ya baba irudi nyumbani, maana memori kadi yake imejazwa filamu hizo hizo.

Jioni, filamu inahamia uani. Mmoja ni jasusi, waliobaki ni majambazi, na fimbo ya kuchungia ng'ombe imegeuka bunduki.

Hapo wazazi hugawanyika. Wapo wanaopiga marufuku na kuchapa. Wapo wanaosema, "Waache, ni watoto." Pande zote mbili husahau swali moja: nani ameamua shujaa huyo afanye nini na asifanye nini? Atukane? Alewe? Amtese adui aliyekwisha kufungwa kamba?

Swali hilo liliwahi kujibiwa kwa maandishi, baada ya wazazi kulalamika. Ilikuwa Uingereza, zaidi ya miaka 75 iliyopita, na chombo kilichowateka watoto kilikuwa redio.

Jasusi wa saa 12:45 jioni

Oktoba 7, 1946, BBC ilianza kurusha mchezo wa redio kuhusu Dick Barton, komando wa zamani aliyerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na kuona maisha ya uraiani hayana ladha. Akiwa na rafiki zake wawili, Jock na Snowy, alipambana na wahalifu na majasusi wa kigeni.

Kipindi kilirushwa siku za kazi, saa 12:45 jioni, kwa dakika 15 tu. Kilifunguliwa na muziki wa kasi kama farasi aliyekurupushwa, na mara nyingi kilikatika shujaa akiwa hatarini. Asiyesikiliza kesho yake hajui kama alipona.

Nchi ilikuwa imechoka. Vita vilikwisha lakini vyakula vingi, nyama na sukari vikiwamo, bado vilikuwa vya mgawo. Hali ambayo Watanzania waliopanga foleni ya sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa. Redio ilikuwa burudani ya nyumba nzima, na kipindi kilipopamba moto kilifikia wasikilizaji milioni 15.

Kipindi hicho hakikutungwa kwa ajili ya watoto. Kililenga watu wazima, lakini watoto wakakivamia na kukifanya chao. Malalamiko yakafuata kutoka kwa wazazi, walimu na viongozi wa dini: watoto wanaacha kazi za shule, wanasisimka kupita kiasi, wanaiga ngumi.

Kanuni za jasusi

BBC haikukifuta kipindi. Iliwaandikia watunzi kanuni, zaidi ya 10, za namna Barton anavyopaswa kuishi.

Kwa ufupi zilitaka hivi. Barton atumie akili kabla ya nguvu. Atumie nguvu pale tu njia ya amani iliposhindikana. Asivunje sheria hata kama lengo lake ni jema. Akipigana, iwe ngumi safi, si ukatili. Maadui zake waliruhusiwa ubaya zaidi, lakini nao hawakuruhusiwa kutesa mtu kwa kufurahia mateso. Matusi hapana. Ulevi hapana, na Barton mwenyewe, ambaye awali alikuwa akinywa, aliachishwa pombe kabisa. Mapenzi nayo yaliondolewa. Mchumba wake, Jean Hunter, akatolewa kwenye hadithi.

Hilo la mwisho si la kuigwa. Msichana aliyekuwa akisikiliza alibaki bila mtu wa kujifananisha naye. Lakini jambo moja linashangaza: pamoja na makatazo yote hayo, watoto hawakukimbia. Waliendelea kukaa mbele ya redio hadi Machi 1951, baada ya sehemu zaidi ya 700. Kumbe kilichowavuta hakikuwa matusi wala damu. Kilikuwa lile swali la kila jioni: atatokaje?

Mzazi aliyekwisha kuamini kwamba mtoto hatapenda hadithi isiyo na ukatili, alifikirie hilo.

Sauti ikageuka picha

Watengenezaji wa filamu waliona mapema kwamba hapo pana biashara. Kampuni ndogo ya Hammer, ambayo baadaye ingepata jina kwa filamu za kutisha, ilitoa filamu tatu za Dick Barton kati ya 1948 na 1950, mwigizaji akiwa Don Stannard. Zilikuwa filamu fupi za gharama ndogo. Miaka hiyo Hammer ilianza pia kukodi majumba makubwa ya mashambani na kuyageuza studio, ili kukwepa gharama. Kampuni nyingine ilifanya vivyo hivyo kwa Paul Temple, mpelelezi mwingine wa redio. Hesabu ilikuwa rahisi: jina tayari linajulikana kila nyumba, tangazo la nini tena?

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Julai 1949, Stannard alifariki dunia kwa ajali ya gari. Filamu ya tatu ilifika kwenye majumba ya sinema akiwa kaburini, na mpango wa kutengeneza nyingine, ya kumleta Barton Afrika, ukafa pamoja naye.

Kwa mzazi, kuna jambo la kuangalia katika safari hiyo ya kutoka redioni hadi kwenye sinema. Redioni, kila mtoto alimchora jambazi kwa kadiri ya moyo wake. Mwoga alimchora mdogo. Kwenye picha, jambazi ni yule yule kwa wote, kwa mtoto wa miaka 12 na kwa mdogo wake wa miaka minne aliyefuatana naye. Na mtoto wa miaka minne bado hajui vizuri wapi igizo linaishia na wapi maisha yanaanzia. Analolibeba usiku kitandani si igizo kwake.

Vijidudu ndani ya maji

Katika filamu ya kwanza, ya 1948, adui hakuja na jeshi. Alipanga kuchafua maji ya kunywa ya nchi nzima kwa vijidudu vya ugonjwa, na kazi ya Barton ilikuwa kumzuia.

Familia za Simiyu hazihitaji jasusi kuelewa hofu hiyo. Mwanzoni mwa 2024 mkoa ulikumbwa na mlipuko wa kipindupindu, na watu walipoteza maisha. Hakukuwa na mtu mbaya aliyemwaga chupa ya sumu mtoni. Kilichoingia kwenye maji ni kinyesi, kwa sababu choo hakipo au hakitumiki, mvua imesomba uchafu hadi kwenye kisima au lambo, na ndoo imechotwa na kunywewa bila kuchemshwa.

Hapa ndipo filamu inaweza kumsaidia mzazi badala ya kumsumbua. Mtoto aliyetazama jasusi akiokoa maji anaweza kuulizwa: je, maji yetu yanalindwa na nani? Anayechemsha maji ya kunywa, anayefunika mtungi, anayenawa kwa sabuni akitoka chooni, anafanya kazi ile ile, bila bastola. Na pale mtu anapoanza kuharisha maji maji mfululizo, ushujaa ni kumpa maji yenye chumvi maalumu za ORS na kumwahisha kituo cha afya, si kusubiri kesho kama mwisho wa kipindi.

Kutoka kwa jasusi hadi kwa Mkwaju

Dick Barton alipoondolewa hewani, muda wake wa jioni ulichukuliwa na mchezo mwingine, The Archers, uliohusu familia ya wakulima. Watunzi wa mwanzo walikuwa wale wale wawili wa Barton, Edward J. Mason na Geoffrey Webb. Safari hii hadithi ilibeba pia ushauri wa kilimo, nchi ikihitaji chakula zaidi. Ni jambo ambalo mkulima wa pamba wa Bariadi au Meatu angelielewa mara moja: unasubiri kujua nani kamuoa nani, katikati unaambiwa habari ya mbegu na mbolea.

Tanzania nayo ina mfano wake, na wazazi wengi wa leo waliusikia wakiwa wadogo. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha "Twende na Wakati". Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, hakuwa shujaa. Wasikilizaji walimfuata hadi alipougua na kufa kwa Ukimwi. Mkewe, Tunu, alisimama na kujitegemea. Mchezo huo haukurushwa kupitia kituo cha Dodoma hadi 1995, ili watafiti walinganishe. Matokeo, yaliyochapishwa 1999, yalionyesha kwamba kule uliposikika matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi.

Kama hadithi inaweza kumfanya mtu mzima abadili mwenendo, haiwezekani isimguse mtoto. Tofauti ni kwamba "Twende na Wakati" ilikuwa na watu waliokaa mezani wakajiuliza Mkwaju atamfundisha nini msikilizaji. Filamu ya kibanda umiza, je?

Sauti ya pili

Filamu nyingi za vibandani zimetafsiriwa, yaani juu ya picha ya kigeni kuna sauti ya Mtanzania anayesimulia. Kwa namna fulani ni redio iliyorudi. Wapo wanaosimulia kwa ustadi. Lakini msimuliaji huongeza utani na maneno yake, wakati mwingine matusi ambayo hayamo kwenye filamu yenyewe. Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri, ila daraja haliji na memori kadi. Mzazi anayetupia jicho kwenye kioo bila kusikiliza, ameona nusu tu.

Wala majasusi wa nyumbani si wote wa watoto. Willy Gamba, aliyeletwa na Aristablus Elvis Musiba katika riwaya ya "Kufa na Kupona" mwaka 1974, aliwafurahisha babu na baba zetu, na anapenda starehe. Aliandikwa kwa ajili ya watu wazima, na kwao anafaa.

Mzazi afanye nini

Kwanza, tazama au sikiliza pamoja na mwanao, hata dakika 15. Muda huo uliwatosha BBC kumteka mtoto. Unatosha wewe kujua nani kamteka.

Pili, uliza badala ya kuhukumu. "Angeweza kushinda bila kumpiga?" "Yule aliyepigwa, mama yake angesema nini?" Mtoto akijibu, umejua anachojifunza.

Tatu, andikeni kanuni za nyumbani. Zisizidi tano, na watoto wenyewe wachangie. Mfano: hakuna filamu yenye matusi, hakuna filamu ya watu wazima mbele ya mdogo, simu inarudishwa kabla ya kulala. Kanuni ambayo mtoto ameichangia, hata mkiwa mbali ataikumbuka.

Nne, linda usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe kabisa mbele ya kioo cha simu au runinga, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Mtoto wa umri wa shule ya msingi anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayeweweseka au kukojoa kitandani ghafla wakati alishaacha, chunguza anachotazama, na hali ikiendelea mpeleke kituo cha afya. Usimchape.

Tano, mpe hadithi nyingine. Bibi na babu wa Kisukuma hawakukosa ngano za mashujaa na mazimwi, na hazihitaji bando. Mwanzo wa hadithi jioni, na mwisho wake kesho jioni, ni mbinu ya bure.

Mtoto atakuwa na shujaa, utake usitake. Usipomwekea kanuni wewe, atafuata za mwenye kibanda, naye kazi yake ni kukusanya kiingilio.