Diapo Isipande Ukutani Kama Wengine Hawajaisoma



Sisi wafinalisti tunaomba nafasi katika karatasi hii juu ya jambo ambalo kalasi nyingi zinaliona kuwa dogo: kusoma na kusahihisha diapo pamoja mbele ya kuzionyesha kwa watu. Siku ya wazazi iko karibu. Safari hii makundi matano yatasema juu ya Nyiragongo, juu ya gazi ya ziwa Kivu na juu ya mazuku. Wazazi watakuja, na watoto wa shule ya msingi pia.

Namna kazi inafanywa, wote tunaijua. Watu sita wanagawana, kila mmoja anaandika diapo zake mbili nyumbani usiku, saa ile umeme inarudi. Asubuhi zote zinaunganishwa ku flashi, kengele inalia, na projektere inawashwa. Nani amesoma kazi nzima toka mwanzo mpaka mwisho? Hakuna. Ndiyo sababu diapo ya tatu inasema lava iliingia Goma tarehe 17 Januari 2002, ya nane inasema 2001, na msemaji anaendelea tu kama vile hakuna kitu. Mmoja ameandika Nyamulagira, mwenzake Nyamuragira. (Yote mawili yanatumika, lakini kundi moja lichague moja!)

Kuko wenye kujibu: kosa la tarehe haliui mtu. Sawa. Lakini tusikilize hili.

Neno mazuku ni letu, hata wataalamu wa nchi za mbali wanaliandika vile vile bila kuligeuza. Ni gazi karboniki inayotoka mu udongo. Uzito wake unapita hewa karibu mara moja na nusu, basi inakaa mu mashimo na mu mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo haupo. Haina rangi wala harufu. Wiki iliyopita kundi moja lilijaribu diapo zake mu kalasi, na moja iliandikwa hivi: “Ukiona mazuku, inama na utambae chini.” Maneno hayo yalitoka katika mafundisho ya moto wa nyumba, na ku moto ni ya kweli, kwa maana moshi unapanda na hewa nzuri inabaki chini. Ku mazuku ni kinyume kabisa, chini ndiko kifo kiko. Watu sita walikuwa wamepita juu ya maneno yale, na sarufi yake haikuwa na kosa hata moja. Aliyeshituka ni kijana wa mwaka wa kwanza ambaye alikuja tu kutafuta kiti. Akasema: “Lakini mazuku haionekanake. Mbuzi yetu ilikufia mu shimo, na baba alikuwa amesimama palepale, yeye hakufa.” Watu walicheka kwanza. Kisha wakanyamaza.

Sasa tuwaze diapo ile mbele ya watoto mia wa shule ya msingi, wale wanaotumwa asubuhi kutafuta kuni. Mtoto haamini sana maneno ya mukubwa mwenzake, lakini kilichoandikwa ukutani kwa mwanga anakiamini.

Hata wenye elimu kubwa walikutana na jambo hili. Tarehe 1 Februari 2003 chombo Columbia cha Marekani kilivunjika kikirudi toka juu ya anga, watu 7 wakafa. Wakati wa kupanda, kipande cha povu ngumu kilikuwa kimepiga bawa lake, na chombo kikiwa kingali juu wahandisi waliwaonyesha wakubwa diapo za pigo lile. Katika Agosti 2003 tume ya uchunguzi ilionyesha kwamba kichwa cha diapo moja kilituliza roho, na neno la hatari lilikuwa huko chini kabisa: kipande kile kilikuwa kikubwa mara 640 kupita vile vilivyojaribiwa. Hakuna uongo ulioandikwa pale. Ilitakiwa tu mtu wa nje aulize, mbona jambo hili liko chini?

Basi kusoma pamoja si kutafuta herufi tu. Mmoja asome kwa sauti, mwingine ashike buku ambamo hesabu na tarehe zilitoka, wa tatu akae nyuma kabisa ya sale, pale mama zetu watakaa. Huyo wa nyuma atawaambia kwamba maandishi ya manjano ku ukuta mweupe hayasomeki, hata kama ku kompyuta yalikuwa mazuri sana.

Wengine wanasema mwalimu atasahihisha. Mwalimu anatoa pointi wakati kazi imekwisha kuonyeshwa, na watoto wamekwisha kwenda nyumbani na kosa. Wengine wanaogopa kundi lingine litaiba mawazo yao. Lava ya usiku wa 22 Mei 2021 si mali ya kundi lolote! Na wengine, hasa wakubwa, wanaona haya kusahihishwa na wadogo. Kwa hawa hatuna dawa, ila tunawakumbusha ile mbuzi.

Tunamwomba baba prefe aweke sheria: diapo yoyote isipande ukutani bila saini mbili za wanafunzi wa kalasi nyingine, na mmoja wao awe wa mwaka wa kwanza ao wa pili. Wakati tunangoja jibu lake, kundi la mazuku limekubali kuanza. Watasomewa Jumatano kisha masomo, mu kalasi ya biolojia. Makundi mengine ine yalete flashi zao siku ile ile, pamoja na vitabu walivyotumia. Viti ni vichache, kila mtu aje na chake.