Zana za Mtandao ni Kazi ya Mwalimu wa Kiswahili

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule zetu kwamba mambo ya tarakilishi na mtandao ni ya mwalimu wa sayansi, na kwamba mwalimu wa lugha, hasa wa Kiswahili, akishakuwa na chaki, kamusi na kitabu cha sarufi amekamilika. Dhana hii ni potovu, na madhara yake yameanza kuonekana. Nafundisha isimu katika chuo kikuu, na wengi wa wanafunzi wangu ni walimu watarajiwa. Kadiri ninavyowasikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kwa kujitenga na zana hizi tunawaachia wengine jukumu lililo letu, yaani jukumu la kuamua lipi ni Kiswahili sanifu na lipi silo.

Mjadala wetu kuhusu teknolojia shuleni umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa vyombo tu. Mwaka wa 2013 wanafunzi wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi, na mwaka wa 2016 vishikwambi vikaanza kufikishwa katika shule za msingi za umma. Shule zilipofungwa mwezi Machi mwaka wa 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kilio kilikuwa kilekile: nani ana chombo na nani hana, wapi kuna umeme na wapi hakuna. Maswali haya ni ya haki, na shule nyingi za mashambani zingali zinayauliza. Hata hivyo, swali la pili halikuulizwa kwa uzito uliostahili: je, mwalimu wa lugha akishakipata chombo, akifanyie nini?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Maabara ya tarakilishi ambayo haijajengwa ni fimbo ya mbali. Fimbo iliyo karibu ni simu ambayo walimu wengi wanayo mfukoni. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, mwalimu amejifunza kutuma fedha, kuhakiki jina la mpokeaji na kuitunza nambari yake ya siri. Mwenye uwezo huo hawezi kudai kwamba teknolojia imemshinda. Lililobaki ni kuzijua stadi chache zinazohusu lugha yenyewe.

Ya kwanza ni kutafuta. Walimu wengi huandika maneno ovyo katika kitafutio kisha hulichukua jibu la kwanza linalojitokeza. Ilhali kuna mbinu ndogo yenye manufaa makubwa: ukilitia fungu la maneno ndani ya alama za mtajo, unakiagiza kitafutio kikuletee fungu hilohilo jinsi lilivyo. Chukua mfano wa vitenzi viwili vinavyochanganywa mno nchini, wakilisha na wasilisha. Tafuta "kuwasilisha ombi", kisha utafute "kuwakilisha ombi". Utayapata yote mawili. Hapo ndipo somo linapoanza. Wanafunzi watazame nani ameandika, katika matini ya aina gani, na kwa maana ipi. Watagundua wenyewe kwamba wakili humwakilisha mteja mahakamani lakini huwasilisha ombi kwa hakimu, na tofauti hiyo haitawatoka akilini upesi.

Mbinu hii ina mpaka wake, nao sharti mwalimu aujue. Ukitafuta neno "masaa" utaliona mahali pengi mno, ingawa walimu wengi hulikosoa na kushikilia "saa". Mtandao hutuonyesha watu wanaandika nini, wala hautoi hukumu ya usanifu. Idadi ya matokeo ambayo kitafutio hukutajia nayo ni makadirio tu. Kulieleza jambo hili darasani ni kufundisha isimujamii kwa mifano hai, na isimujamii imo katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne.

Stadi ya pili ni kuandika na kuhakiki tahajia. Nani kati yetu hajaudhika kwa simu inayoyageuza maneno yake ya Kiswahili kuwa Kiingereza? Simu nyingi za kisasa zina mpangilio wa Kiswahili katika kibodi, nao huchaguliwa kwa dakika chache. Programu ya LibreOffice, ambayo hupatikana bila malipo, inaweza kuongezewa kikaguzi cha tahajia ya Kiswahili. Mwalimu asikiache kikaguzi hicho kiwe hakimu. Neno kama "tusipowaandikia" limeundwa kwa viambishi kadhaa vilivyoshikana na mzizi mmoja, na si rahisi orodha yoyote ya maneno kuyabeba maumbo yote ambayo kitenzi cha Kiswahili kinaweza kuyavaa. Kwa hiyo mstari mwekundu unaweza kupigwa chini ya neno lililo sahihi kabisa. Kwa upande wa pili, mwanafunzi akiandika "vitabu yangu imepotea", kikaguzi kinachotazama neno mojamoja hakitaona kosa lolote, kwa kuwa kila neno limeendelezwa vyema. Kosa limo katika upatanisho wa ngeli. Mwanafunzi anayeamini kwamba kazi isiyo na mistari mienkundu haina makosa amepotoshwa, na wa kumzindua ni mwalimu wa Kiswahili.

Vivyo hivyo kwa tafsiri za mashine. Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri mwaka wa 2009, na tangu hapo wanafunzi wetu hawajaacha kuitumia, tuwaruhusu tusiwaruhusu. Kuipiga marufuku hakujafaa kitu. Ni heri kuileta darasani tuipime. Wape wanafunzi sentensi hii: "Otieno alimpigia Asha mpira." Mashine itawapa tafsiri, na kwa kawaida itakuwa imechagua maana moja. Sasa waulize maana nyingine. Je, Otieno aliuelekeza mpira kwa Asha? Aliupiga kwa niaba yake? Au alimchapa Asha kwa sababu ya mpira? Hapo umefundisha kauli ya kutendea na utata kwa pamoja. Kisha wape sentensi "Yeye ni daktari" waitafsiri kwa Kiingereza. Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika kiwakilishi hicho, lakini Kiingereza kwa desturi hutenganisha. Wanafunzi watazame mashine imechagua nini, wabadilishe "daktari" kwa "muuguzi" au "mpishi", kisha wajadili.

Stadi ya nne, ya kurekodi, haihitaji hata mtandao. Simu ya mwalimu ni chombo kizuri cha kukusanyia fasihi simulizi: vitendawili, ngano na nyimbo za kazi ambazo wazee wetu wanaondoka nazo kila mwaka. Lililo muhimu ni nidhamu. Mtambaji aombwe idhini kabla ya kurekodiwa. Faili ipewe jina linaloonyesha utanzu, mahali na tarehe, na nakala yake ihifadhiwe mahali pawili. Tukumbuke pia kwamba nchini tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Sauti na picha za watoto hazipaswi kutawanywa katika makundi ya WhatsApp kana kwamba ni mali ya kila mtu. Wala si halali kusambaza nakala za vitabu vya fasihi zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Tukiwaibia waandishi wa Kiswahili leo, kesho tutamsoma nani?

Halafu kuna jambo jipya linalowakosesha walimu usingizi, nalo ni programu za akili mnemba zinazotunga insha kwa sekunde chache. Insha hizo mara nyingi huwa laini na tupu: methali zimetajwa bila kutumika, na mandhari hayana jina la mto wala la soko. Mwalimu anayeifahamu zana hii atadai kuona rasimu ya kwanza na ya pili, atamwita mwanafunzi aeleze kwa mdomo kwa nini alichagua neno hili badala ya lile, na pengine atalipa darasa insha ya mashine walikosoe pamoja. Asiyeifahamu ataitunuku alama za juu.

Nawasikia wenzangu wakinung'unika kwamba mwalimu amelemewa, darasa lina wanafunzi hamsini na zaidi, na gharama ya data inatoka mfukoni mwake. Wana haki. Ndiyo maana siungi mkono semina za hotelini ambako mtaalamu huja kwa siku mbili, akaonyesha programu thelathini na kuondoka. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vya ualimu na idara za Kiswahili vyuoni viziingize stadi hizi katika somo la mbinu za kufundisha Kiswahili, zifundishwe na walimu wa Kiswahili wenyewe. Pili, kila idara ya Kiswahili shuleni itenge saa moja kwa mwezi ambapo mwalimu mmoja atawaonyesha wenzake jambo moja alilolijaribu darasani. Tatu, shule igharimie data ya kazi hiyo kama inavyogharimia chaki.

Na tuzifundishe kwa Kiswahili. Lugha yetu haijashindwa. Pakia na pakua ni maneno ya mabaharia na wapishi. Leo yanabeba faili bila taabu, na bado yanatufundishia kauli ya kutendua, sawa na bandika na bandua.

Mtaala wa umilisi umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, kwa hiyo wajibu huu umekwisha kuandikwa. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni hatima ya lugha. Mkusanyiko mashuhuri wa matini za Kiswahili kwa matumizi ya tarakilishi, wenye maneno takriban milioni 25, uliandaliwa katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Hapa nchini, mradi wa Kencorpus umekusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Mashine hujifunza lugha kutokana na makusanyo ya namna hii na maandishi yaliyomo mtandaoni. Ikiwa mwalimu wa Kiswahili hataandika huko, hatakosoa na hatahakiki, mashine itajifunza kwa wasiojali ngeli, kisha mwanafunzi atajifunza kwa mashine. Siku hiyo tukisahihisha madaftari yao kwa wino mwekundu, watatuuliza tulikuwa wapi.