Yule wa Pichani Hakujui

Mteja anayefika kwa fundi wa soko la Cotebu, hapa Ngagara, Bujumbura, siku hizi haelezi mshono. Anatoa simu: "Fundi, nataka kama hii." Fundi anaitazama picha, anakitazama kitenge, anakitazama kiuno cha mteja, kisha anapima kimya kimya. Gauni la pichani limebanwa mgongoni kwa vibanio ili likae vile, na taa imetegwa ubavuni ili kitambaa king'ae. Mshono wa namna hiyo haupo.

Tena anachokitaka mteja si gauni. Mwanamitindo hufundishwa kuitazama kamera kana kwamba anakutazama wewe, peke yako, na moyo hujibu kama umeitwa kwa jina. Biashara yote imesimama juu ya jibu hilo.

Mfano ninaourudia ni wa Iman Abdulmajid. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alimkuta Nairobi: Msomali, binti wa mwanadiplomasia, mwanafunzi wa siasa wa chuo kikuu. Iman alipofika New York, Beard alikuwa amekwisha kuwaambia waandishi wa habari kwamba alimwokota nyikani akichunga mifugo. Wakameza. Msomi wa siasa asingewapa wanunuzi ile raha ya kudhani wameigusa Afrika kwa kufungua ukurasa. Iman mwenyewe aliusema ukweli, lakini hadithi ya nyikani ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Sisi nasi tuna nyika yetu, ila imegeuzwa: sebule za Dubai, magari ya watu, vicheko vya wasiotujua. Na wakati huohuo tunamsahau aliye karibu. Soko letu limechukua jina la kiwanda cha serikali kilichojengwa kwa msaada wa China, kikafuma na kuchapa vitambaa humuhumu Bujumbura. Sidai zama zile zilikuwa pepo. Hata hivyo, nyuma ya kitambaa alikuwapo jirani, na ulipokosa kumsalimu ulisikia habari yake. Soko kuu la jiji lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wengi walihamia huku. Leo wengi wao nao wanauza kwa picha za simu, na siwalaumu, kodi ya kibanda haisubiri falsafa.

Kupendeza si dhambi, na toleo hili limejaa mavazi. Ila chini ya kila picha tumeandika jina la fundi kabla ya jina la aliyevaa, na bei ya kushona kwa faranga.